Pima Kumi na Saba

Kila asubuhi njia ya Hadsar ilisimama kumngoja Lehru Ram avae.

Alianza kwa kufunga ncha moja ya mshipi wake kwenye pete ya chuma ya mlango. Kisha alirudi kinyumenyume, akakatiza ua, akavuka njia, akaenda mpaka mgongo ukagusa ukuta wa kinu cha mahindi upande wa pili. Hapo mshipi ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, pima kumi na saba za sufu nyeusi. Aliibana ncha ya pili ubavuni, juu ya joho lake la sufu, akaanza kujizungusha taratibu kurudi nyumbani, mzunguko juu ya mzunguko, huku mshipi ukimkaza kiuno. Baghala wa mizigo walisimama. Mahujaji wenye makoti ya mvua ya plastiki walisimama. Mtu mzima wa miaka sitini na moja anazunguka kama pia katikati ya njia, na hakuna aliyethubutu kumwambia afanye haraka.

"Ami Lehru, unavaa au unacheza ngoma?" aliuliza Pyaru, mwenye baghala wanne, aliyesimamishwa na mshipi kila siku ya Mungu.

"Nacheza. Siku utakayooga nitakufundisha."

Zamani ncha ile ilishikwa na mkewe, Sarbo. Ndiye aliyeisokota sufu ile kwa majira mawili ya baridi, kutoka kwa kondoo wao wenyewe, walipokuwa bado na kondoo. Sarbo alikuwa na sheria moja tu: anayeshika ncha haongei. Akiongea atacheka, akicheka ataachia, na mshipi ukilegea mzunguko mmoja kazi yote inaanza upya. Basi kwa miaka thelathini na miwili Sarbo alisimama mlangoni kimya, midomo ameibana, macho yanacheka, na mumewe akamjia akizunguka mpaka wakakutana uso kwa uso. Sasa ni mwaka wa nne tangu afariki, na kazi hiyo inafanywa na pete. Pete nayo haiongei, lakini Lehru hakuwahi kuizoea.

Alichomeka ncha, akafunga mlango, akashika njia ya kwenda hema la ofisi ya safari. Siku hiyo alikuwa na jambo moja kichwani, nalo ni kadi.

Mwaka huu ofisi ilikuwa imekuja na utaratibu mpya: hakuna mtu kuongoza mahujaji kwenda ziwa takatifu la Manimahesh bila kadi ya kiongozi shingoni. Lehru alikuwa akiongoza watu kwenda ziwani tangu barabara ya magari haijafika Hadsar. Aliwahi kuongoza mahakimu na vipofu, na mara moja bwana harusi aliyekuwa akikimbia harusi yake. Lakini safari hii hakuitaka kadi kwa ajili ya sifa. Aliitaka kwa ajili ya Mwalimu Kusum.

Mwalimu Kusum alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Indore, mwanamke mwembamba mwenye miwani minene. Miaka mitatu nyuma alishindwa kupumua akiwa Dhancho, nusu ya njia, na Lehru akamshusha mgongoni mpaka chini. Yule mama alilia njia nzima, si kwa maumivu bali kwa hasira ya kurudi bila kuliona ziwa. Lehru akamwambia, "Ukirudi, nitakufikisha mimi mwenyewe." Tangu hapo kila majira ya baridi mwalimu alimpigia simu, na swali lilikuwa lile lile: bado uko hai, bado unapanda? Sasa alikuwa amekuja, yeye na wenzake sita, wote wanawake. Juzi walikuwa wamepanda kwanza kwenye hekalu la mungu wa kike, Mama Bharmani, kuoga na kuomba ruhusa, kama inavyopasa, maana anayempita Mama Bharmani ni afadhali abaki kwao. Walichongoja ni kiongozi wao tu.

Mbele ya hema foleni ilikuwa ndefu. Chai ya kibanda cha jirani, iliyokuwa rupia kumi wiki iliyopita, ilikuwa imefika ishirini na kikombe kimepungua. Lehru aliinywa akiwa amesimama. Zamu yake ilipofika alijikuta mbele ya Bwana Katoch, ofisa aliyeletwa kutoka bondeni mwezi uliopita, na ambaye koti lake la mvua lilikuwa bado na karatasi ya dukani ikining'inia kwenye mkono.

"Jina?"

"Lehru Ram wa Hadsar."

"Cheti cha daktari?"

Lehru akakitoa.

"Viatu? Sawa. Filimbi?"

Lehru akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, ule wa kuita kondoo kutoka ng'ambo ya bonde. Mbwa waliolala nyuma ya hema waliinuka wote. Bwana Katoch alishtuka, kisha akatia alama ya vema kwenye fomu.

"Kamba ya usalama?"

"Hii hapa." Lehru akapiga kiuno chake.

"Hiyo ni nguo, mzee."

"Ni nguo ikiwa kiunoni."

Watu wa foleni wakacheka. Bwana Katoch hakucheka. Aligeuza fomu ili Lehru aione, akaweka kidole kwenye mstari. "Imeandikwa kamba ya kiwandani, yenye chapa. Hii ya kwako imetoka kiwanda gani?"

"Aliyeitengeneza namjua kwa jina."

"Ofisi haimjui." Ofisa akaandika neno moja, polepole kwa herufi kubwa: HANA. "Duka la Bansi linauza. Nunua, urudi nikupe kadi."

Lehru alitoka nje. Kamba ya Bansi alikuwa ameiona, ya buluu, inang'aa, na bei yake ilikuwa ujira wa safari tano. Pyaru alikuwa akimfungia baghala matandiko pale nje, naye alikuwa amesikia yote.

"Ami, wewe nawe ni mgumu kama jiwe. Nani kakwambia ununue? Nenda kwa Bansi, kodi ile kamba kwa saa moja, mwonyeshe huyu bwana, upewe kadi, uirudishe. Wote wamefanya hivyo. Ile kamba moja imeshasajili watu arobaini."

"Arobaini?"

"Na mmoja, ukimhesabu yule mwenye mguu wa mbao."

Lehru alitazama upande wa duka la Bansi. Ilikuwa rahisi hivyo, hatua hamsini kwenda na hamsini kurudi. Lakini alipojiona akilini amesimama mbele ya yule bwana, kamba ya buluu mkononi, mshipi wa Sarbo kiunoni, akisema hii ndiyo kamba yangu, uso ulimwaka moto.

"Mimi ninayo kamba," alisema.

"Haya, basi kaa nayo."

Alirudi ndani. Bwana Katoch, ambaye hakuwa mtu mbaya sana ila alikuwa na foleni, akampa karatasi ya manjano. "Chukua upagazi. Mpagazi hahitaji kamba. Utakwenda na watu wako hao hao, ila mizigo mgongoni na kiongozi mbele." Hivyo ndivyo Lehru Ram alivyojifunga mabegi matatu ya wanawake wa Indore, na mbele yake akawekwa Vikrant, mtu wa miaka thelathini hivi kutoka tambarare, mwenye kadi shingoni na koti la rangi ya chungwa. Vikrant alikuwa amewahi kufika ziwani mara moja, kwa helikopta.

Mwalimu Kusum alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mimi sikutoka Indore kuja kuongozwa na koti," alisema.

"Twende tu, Mwalimu," Lehru akamjibu. "Hata nikiwa nyuma sitakuacha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini moyo ulimuuma. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kupanda njia ile akitazama visigino vya mtu.

Walipanda. Mvua ya usiku ilikuwa imepungua na kubaki manyunyu. Vikrant alikuwa muungwana, lazima isemwe. Kila mara aligeuka kuuliza kama wanaendelea vizuri, na kwenye kila njia panda aliinamia kiatu, akafunga kamba ambayo haikufunguka, mpaka Lehru akohoe upande unaofaa. Walipofika kikohozi cha nne, wanawake wote saba walikuwa wameshaelewa mchezo na wanajizuia kucheka.

"Una kifua, baba?" mmoja aliuliza kwa upole wa uongo.

"Kifua cha njia, mama. Kinakuja mwezi huu wa Bhadon tu."

Saa tano walifika kwenye kijito cha chini ya Dhancho, wakakuta njia imejaa watu waliosimama. Maji yalikuwa yameshuka usiku kwa nguvu na kuchukua waya wa kushikia wa daraja. Yalikuwa yamebaki magogo mawili yaliyolala sambamba, yanang'aa kwa unyevu, na chini yake maji ya rangi ya majivu yakiviringisha mawe. Upande wa pili mahujaji wanaorudi walikuwa wamekwama vile vile, wazee na wanawake wenye watoto mgongoni, na maji yalikuwa yakipanda kidogo kidogo.

Bwana Katoch alikuwepo pale. Alikuwa akipanda kukagua kambi kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa anatazamiwa kutua Dhancho mchana, na alikuwa juu ya baghala wa Pyaru, miguu imemning'inia. Aliposikia redio yake ikikoroma, "Bwana, uko wapi, wageni wanakaribia," alishuka na kupaza sauti.

"Viongozi wenye kadi, mbele! Toeni kamba."

Wakaja kumi na mmoja, wote wenye makoti ya rangi ya chungwa. Wakasimama. Mmoja akatazama anga. Mwingine akafungua begi lake, akalifunga. Watu wa nyuma wakaanza kunyoosha shingo.

"Nimesema kamba."

"Iko Hadsar, bwana," Pyaru alisema akiwa ameshika hatamu, uso mkavu kabisa. "Inasajili watu."

Bwana Katoch alielewa, tena kwa haraka, maana hakuwa mjinga. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Aliangalia magogo, akaangalia redio, na ilionekana wazi kwamba hakuna mstari wowote wa fomu uliomwambia afanye nini sasa.

Lehru aliweka mizigo chini. Alikwenda kando kidogo, akawapa watu kisogo, akachomoa ncha.

Mgadi, mchungaji wa milima hii, hafungui mshipi wake hadharani. Anaufungua nyumbani kwake, au malishoni, mwanakondoo anapotumbukia kwenye korongo. Ulipokuwa ukishuka, mzunguko baada ya mzunguko, Lehru alihisi baridi ikiingia tumboni na joho likimpwaya, na kwa kitambo akajiona mzee kuliko umri wake, mbele ya watu mia mbili. Kisha akaona mikono ya Vikrant inaokota mapindi yaliyoanguka, inayakusanya vizuri yasiguse matope.

"Niambie la kufanya, ami," Vikrant alisema.

"Wewe na Pyaru mtatoa kamba kadiri ninavyokwenda. Msivute. Nikianguka, ndipo mvute."

Aliizungusha ncha moja kwenye jiwe kubwa, akapiga fundo la kufungia dume la kondoo, ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyouma. Ncha nyingine akajifunga chini ya kwapa. Akavua viatu, akapanda magogo kwa miguu mitupu. Katikati gogo moja liligeuka kidogo chini yake. Alisimama, akaliacha litulie, akaendelea. Upande wa pili mikono mingi ilimpokea. Akafunga kwenye jiwe lingine, akakaza mpaka mshipi ukalia, na daraja likawa na mahali pa kushika.

Ilichukua zaidi ya saa moja na nusu. Kwanza walivuka wenye watoto, kisha wazee, halafu mmoja huku na mmoja kule kwa zamu. Sufu ikilowa haitelezi, inang'ang'ania kiganja. Kipande cha mshipi kilichobaki Lehru alikitumia kuwafunga viuno waliotetemeka, akatembea nao mwenyewe, uso kwao na mgongo kwenye njia, akiwaambia wamtazame puani. Mwalimu Kusum alipofika katikati alisimama.

"Pumzi?" Lehru akauliza.

"Pumzi ninayo. Nasimama nione jinsi mshipi ulivyosokotwa."

"Ni mkono wa Sarbo."

"Mkono mzuri," mwalimu alisema, akavuka. Nyuma yake Vikrant alivusha mabegi na viatu vya Lehru.

Bwana Katoch alivuka karibu wa mwisho. Hatua tatu kabla ya kufika, soli zake mpya ziliteleza, mguu ukaingia kati ya magogo, na uzito wake wote ukabaki kwenye mikono miwili iliyoshika mshipi. Mshipi ulibonyea mpaka ukagusa maji. Ukambeba. Alipofika alikaa juu ya jiwe kwa muda, akipumua kwa mdomo, kama mtu mwingine yeyote.

Baadaye wafanyakazi wa njia walishuka kutoka Dhancho na bunda la waya mpya, wakaufunga darajani. Pyaru, aliyebaki upande wa chini na baghala wake, alifungua fundo, na Lehru akauvuta mshipi kupitia majini, mzito mara tatu ya ulivyokuwa. Bwana Katoch alikuwa ameshapata nguvu na alikuwa akiandika juu ya goti.

"Mzee, njoo hapa." Sauti ilikuwa ya upole sasa. "Umefanya kazi kubwa, na mimi si mtu wa kusahau. Weka dole gumba hapa, na kadi yako naitoa leo hii, hapa hapa. Ninazo mfukoni."

Lehru aliichukua karatasi. Alikuwa anajua kusoma, ila si mwandiko wa haraka, kwa hiyo akampa Mwalimu Kusum. Mwalimu aliinua miwani, akasoma kwa sauti ya darasani, watu wote wakasikia: "Daraja lilipopata hitilafu, viongozi waliosajiliwa walitumia kamba ya usalama ya kiwandani, kwa mujibu wa utaratibu. Mpagazi Lehru Ram alisaidia."

Maji yaliendelea kunguruma. Lehru alitazama kadi ambayo ofisa alikuwa ameitoa nusu mfukoni, na utepe wake mwekundu. Aliitamani, kwa nini adanganye. Kwa kadi ile angepanda msimu wote na kila msimu uliobaki katika miguu yake, akiwa mbele kama siku zote. Alichotakiwa kutoa ni dole moja.

"Andika mshipi," alisema.

"Mzee, fomu haina mahali pa mshipi. Nikiandika mshipi, wataniuliza kamba ziko wapi. Wakiniuliza kamba ziko wapi, hawa kumi na mmoja wanalala na njaa, na mimi pamoja nao. Ndicho unachotaka?"

"Sitaki mtu alale na njaa. Andika unavyotaka, kalamu ni yako. Ila dole langu halisemi kwamba huu ni wa kiwandani."

"Basi na kadi hakuna."

"Nimesikia, bwana."

Aliupanga mshipi, akatafuta pete. Hapakuwa na mlango pale, wala pete. Vikrant alijongea, Mwalimu Kusum naye akanyoosha mkono. Lakini Lehru alimwendea Bwana Katoch, akaikunjua mikono yake miwili yenye baridi, akaiweka ncha ndani.

"Bwana mkubwa, nishikie hapa. Uvute usilegee. Na tafadhali usiongee mpaka nimalize. Anayeshika ncha haongei."

Ofisa alifungua mdomo. Watu mia mbili walikuwa wakimwangalia, na wote walikuwa wameona ni kitu gani kilimbeba saa ile. Akaufunga.

Lehru alirudi kinyumenyume juu ya njia, na umati ukapasuka kumpa nafasi. Alikwenda mpaka mshipi ukanyooka wote. Akaibana ncha yake ubavuni na kuanza kuzunguka. Maji yalimtiririka miguuni kutoka kwenye sufu. Mzunguko wa tano, redio ya Bwana Katoch ilikoroma: "Bwana, wageni wameshatua, uko wapi?" Hakuijibu, mikono yake haikuwa na nafasi. Redio iliita tena, ikanyamaza. Mvua ndogo ilianza, ikampiga usoni, naye akasimama vile vile, miguu imetanuka matopeni, akivuta kwa nguvu zote, midomo ameibana. Lehru alizunguka bila haraka yoyote. Hakuwahi kuzunguka polepole namna ile maishani mwake.

Alipomaliza walikuwa uso kwa uso. Lehru aliichukua ncha kutoka mikononi mwa ofisa, akaichomeka, akapiga kiuno mara mbili.

"Ahsante. Sasa ni nguo."

Akarudi kwenye mizigo, akakuta Vikrant ameshajifunga mabegi yote matatu mgongoni, kadi yake imebanwa chini ya mikanda. Lehru akatangulia, wanawake saba wakafuata, na Vikrant akawa nyuma.

Kwenye lango la Dhancho mlinzi alifungua kitabu. "Kiongozi ni nani?"

Watu wanane, Vikrant akiwa mmoja wao, walimwonyesha Lehru.

Mlinzi alimtazama shingoni, akamtazama Vikrant shingoni. Aliuma kalamu. "Mimi nataka namba," alisema kwa huruma, akanakili namba ya kadi ya Vikrant. Halafu kwenye mstari wa chini akaandika: mpagazi, mmoja, mzee.

Lehru aliusoma mstari huo ingawa kitabu kilikuwa kimemgeukia mlinzi. Mwandiko wa mlinzi ulikuwa safi, hakuhitaji kusaidiwa. Akakaza mshipi uliolowa, akaingia langoni wa kwanza.

"Kesho tutafika?" Mwalimu Kusum aliuliza nyuma yake.

"Kesho kabla ya chakula cha mchana utakuwa umeoga ziwani, Mwalimu. Kanyaga ninapokanyaga."